Mnara Niliouhamisha Kabla Haujasimama

Watu wakiuona mnara wa simu umesimama, hudhani umeota pale wenyewe. Hawajui kwamba kabla ya zege na vyuma kuna mtu alipita kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, akiuliza shamba hili ni la nani na ng'ombe hawa wanapitia wapi. Kwa miaka kadhaa mtu huyo nilikuwa mimi. Niliajiriwa na kampuni ya ukandarasi, nikapewa chumba cha ofisi Bariadi mjini, gari moja na dereva wake, fundi mmoja wa kupanda minara, nikaambiwa eneo langu ni Simiyu yote.

Mimi ni mtu wa Lushoto. Nimekulia milimani, ambako ukikata kona moja simu inapotea, ukikata nyingine inarudi. Kwa hiyo nilipoiona Simiyu mara ya kwanza kupitia dirisha la basi, mashamba ya pamba yamelala hadi macho yanapoishia, nilijiambia kwamba hapa kazi itakuwa nyepesi. Wiki mbili zilitosha kunisahihisha. Ukiwa kwenye lami nchi ile inaonekana tambarare. Ukiingia ndani unakuta mabonde mapana yanayoshuka polepole, na vilima vya mawe makubwa yaliyopandana, na nyuma ya kila kilima kuna kaya ambazo mawimbi yanapita juu yake bila kuzigusa.

Orodha ya vijiji ilitoka Dar es Salaam. Kila kijiji kilikuwa na alama nyekundu kwenye ramani, nasi tuliiita pointi. Wahandisi walikuwa wameipata kwa kompyuta, na sikuwa na sababu ya kuwadharau, maana hata mimi chuoni nilifundishwa kuipata hivyo hivyo. Kazi yangu ilikuwa kwenda kwenye pointi, kumpata mwenye ardhi, kuchukua saini yake, kupiga picha na kurudi.

Kijiji ninachotaka kukisimulia kiko kata ya Zagayu, wilaya ya Itilima. Siku ya kwanza tulisimamisha gari mbele ya ghala la ushirika, mahali wakulima wanapouzia pamba. Kwenye ukuta wa ghala, upande wa magharibi, kulikuwa na misumari imepigwa kwa mstari, na kila msumari umening'iniza simu ndani ya mfuko wa nailoni. Zilikuwa kama kumi na tano.

"Hizi ni za kuuza?" nikamuuliza karani.

"Hapana, dada. Zinasubiri ujumbe. Mtandao ukipita, unaangukia hapo."

Mwenye simu alikuwa anaitundika asubuhi akienda shambani na kuichukua jioni, akiomba Mungu kuna kilichoingia. Kupiga ilikuwa habari nyingine. Muuguzi wa zahanati, mama mmoja aliyehamishiwa pale kutoka Kigoma, aliniambia kwamba akihitaji gari la wagonjwa humtuma mtu wa pikipiki aende mpaka simu ikubali, apige, halafu arudi kumpa majibu. "Yule wa pikipiki ndiye simu yangu," alisema, tena bila kucheka.

Nilitoka pale nikiwa na hamu ya kumaliza kazi siku hiyo hiyo.

Pointi ilikuwa juu ya kilima cha mawe, kaskazini mwa kijiji. Nilipanda pamoja na mtendaji wa kijiji, ambaye alikuwa amevaa shati jeupe kwa ajili ya ugeni wetu. Juu palikuwa pazuri kuliko nilivyotarajia. Upepo ulikuwa mwingi, na ukitazama magharibi uliuona mnara wa jirani kwa macho matupu, mwembamba kama uzi. Nilishatoa kifaa changu cha vipimo nilipoona, katikati ya mawe mawili, vibanda viwili vya nyasi vya kimo cha goti. Mbele yake kulikuwa na chungu kimefunikwa kwa kipande cha kibuyu. Nyasi za vibanda zilikuwa mpya.

Nilirudisha kifaa mfukoni. Wakati huo huo tukasikia mtu anapanda nyuma yetu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, fimbo ya ng'ombe mkononi, anapumua bila taabu.

"Mwadila, mayu," akanisalimia.

"Mwadila," nikajibu. Salamu hizo za Kisukuma nilikwisha kujifunza.

"Mhola?"

"Mhola, mama."

Baada ya mhola, yaani amani, akauliza kwa Kiswahili, "Mnapima nini hapa?"

"Tunatafuta mahali pa mnara wa simu. Ramani inasema ni hapa."

"Hiyo ramani imewahi kufika hapa?"

Mtendaji akacheka kidogo, kisha akaacha alipoona ni yeye peke yake anayecheka. Yule mama akatueleza bila kupandisha sauti. Kilima kile kilikuwa cha ukoo wa mume wake. Mume alikwisha kufa, na yeye ndiye aliyebaki na boma, ng'ombe, na kazi ya kuezeka vile vibanda kila mwaka. Pale waliwamwagia pombe wazee wao na kuwaita kwa majina.

"Mimi Jumapili nakwenda kanisani," alisema. "Lakini hawa ni wazee wa mume wangu. Sikuolewa hapa ili nije kuwavunjia nyumba."

Mtendaji akageukia kwangu. "Dada, hili ni jambo la maendeleo. Wewe jaza fomu, mimi nitasaini kwa niaba ya serikali ya kijiji. Huyu mama ataelewa baadaye."

Fomu nilikuwa nayo. Kalamu nilikuwa nayo. Nikaikunja fomu nikaitia kwenye begi.

"Sitajaza," nikasema. "Tutatafuta pengine."

Sikuwa najifanya mtetezi wa mila za Wasukuma. Mila zao nilikuwa sizijui. Lakini nilijua minara. Mnara haulindwi na uzio. Unalindwa na watu wanaoishi chini yake, wanaomwona mgeni anayeranda, wanaopita njia ile ile kila siku. Ukiwajengea watu kitu juu ya uchungu wao, kitu hicho kitakuwa mgonjwa maisha yake yote. Na zaidi ya hayo, kwetu Lushoto makaburi ya babu na bibi yangu yako upande wa juu wa nyumba, kwenye mteremko. Nilijaribu kuwaza mtu anakuja na ramani anasema ni pale, nikaona jibu langu lisingekuwa la upole kama la yule mama.

Kumpigia simu bosi wangu Dar es Salaam ilibidi turudi mpaka Lagangabilili, makao makuu ya wilaya.

"Pointi haihami," alisema. "Kama hawataki, tunakiruka kijiji. Vipo vingine kwenye orodha."

"Hawajaukataa mnara. Wamekataa kilima. Nipe muda nitafute mahali pengine."

Nikasikia anaandika kitu. "Mpaka mwisho wa mwezi. Na usiniletee maneno, niletee kuonana."

Kuonana ndilo neno letu kubwa. Mnara wa kijijini haupati mawasiliano kwa waya unaozikwa ardhini kama mijini. Unayapokea kutoka mnara wa jirani kupitia dishi, na dishi hizo mbili lazima zitazamane bila kizuizi, kama watu wawili waliosimama ncha mbili za shamba. Ukiweka mti katikati, hawaonani, na kijiji kinabaki kimya.

Nilirudi nyumbani kwa yule mama mjane. Alinikaribisha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, imechemshwa na kuchanganywa na karanga. Nilikula kwanza, kisha nikamuuliza swali ambalo ramani haikuwahi kumuuliza mtu yeyote.

"Mama, wewe ukiwa na simu yako, ni wapi inaita?"

Hakufikiri hata kidogo. "Kwenye ngitili yangu. Pale juu ya mgongo. Nikiwa nyuma ya ng'ombe, simu inatetemeka kiunoni. Nikishuka, kimya."

Ngitili ni eneo la malisho ambalo familia hulifunga wakati wa mvua ili nyasi zikue, kisha hulifungua kiangazi majani yanapokwisha kwingineko. Ya kwake ilikuwa kwenye mwinuko mrefu wa chini, kusini mwa kijiji, umbo lake kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Twende, akasema, na tukaenda. Simu yangu nayo ikatetemeka. Jumbe nne za ofisini ziliingia kwa mpigo.

"Hapa nitawapa kipande," alisema. "Hapa hamna mtu wa kumuudhi."

Siku iliyofuata fundi wangu alikwenda kwenye mnara wa jirani, zaidi ya kilomita ishirini kutoka pale, na kioo cha mkononi mfukoni. Njia hii ni ya zamani na bado sijaona ya kuishinda. Yeye anapanda mnara, anakielekeza kioo ili jua limulike upande wetu, nami nasimama kwenye saiti mpya na darubini. Nikiona mmuliko, tunaonana. Shida ilikuwa kwamba kule alikokuwa na kule nilikokuwa hatukuweza kupigiana. Simu inayotetemeka kwa ujumbe haitoshi kuongea. Tulipatana saa: kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa sita, kila baada ya dakika tano amulike mara tatu, kisha ashuke.

Saa nne nilikuwa juu ya mgongo. Sikuona kitu. Upande wa magharibi, mbali kidogo, kulikuwa na mstari wa miti ambayo huioni kuwa mirefu mpaka uhitaji kuona nyuma yake. Nikapanda juu ya gari. Bado. Dereva akanishikia ngazi fupi tuliyokuwa nayo, nikaiegemeza kwenye keria na kupanda vidato viwili, dereva anasali kwa sauti. Bado majani tu.

Nikajua kinachohitajika ni urefu. Mnara wenyewe tungeweza kuurefusha, lakini lazima nithibitishe kwamba ukifika kimo fulani, macho yanavuka miti. Saa tano ilishapita. Nikaketi juu ya gari nikihesabu dakika, nikaona yule mama hayupo tena. Nikadhani amefuata ng'ombe.

Kumbe alikuwa ameshuka ghalani. Ulikuwa msimu wa kununua pamba, na mbele ya ghala lori lilikuwa limekwisha kupakiwa, tayari kwenda kiwandani Bariadi. Dereva wa lori alikuwa shemeji yake, na kwa jinsi alivyonisimulia baadaye, hakupewa nafasi ya kukataa. Saa tano na nusu tukasikia injini inalia, na lori likatokea linapanda mgongo taratibu, limebeba pamba ndefu kama nyumba, yule mama amekaa kiti cha mbele na fimbo yake imetokeza dirishani.

"Panda!" akapaza sauti kabla lori halijasimama. "Saa yako inakwisha!"

Nilikaza mtandio, nikashukuru kwamba nilivaa suruali ndani ya gauni, nikapanda kwa kamba zilizofunga mzigo. Juu, miguu ilizama kwenye pamba mpaka magotini. Nikapiga magoti, nikaweka darubini machoni, nikasubiri dakika tano ziishe. Zilikuwa ndefu. Halafu, juu kidogo ya vilele vya miti, nikaona cheche. Ikazimika. Ikawaka tena, mara tatu kama tulivyokubaliana.

"Naona!" nikapiga kelele. "Naona kioo!"

Chini yule mama akapiga kigelegele, na dereva wa lori akapiga honi mpaka ng'ombe wakakimbia. Nilipima kimo cha mzigo kwa futi ya mkanda kabla hawajaondoka. Dereva wa lori alinisaidia kushika ncha ya chini.

Ripoti niliyoituma ilikuwa na vipimo, picha za pande zote, saini ya mama mwenye ngitili na mhuri wa kijiji, na picha moja ya lori. Bosi alinipigia siku ya pili.

"Nani alikufundisha kupanda lori la pamba?"

"Hakuna."

"Imepita," akasema. "Tutaongeza kimo cha mnara."

Katika mkutano wa kijiji wa kuidhinisha, mwanamume mmoja alisimama nyuma. Alikuwa fundi wa kutengeneza plau, mikono yake myeusi kwa chuma, na nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa kile kilima cha mawe. Aliuliza kama ni kweli minara inafukuza mvua, maana amesikia hivyo kutoka wilaya ya jirani. Wengine walicheka, mimi sikucheka. Mtu ambaye chakula chake kinatoka mawinguni ana haki ya kuuliza. Nilimweleza mnara unafanya nini na haufanyi nini, nikamwambia kwamba Bariadi mjini kuna minara kadhaa na mwaka uliopita mvua ilituharibia barabara ya ofisini. Akakaa. Hakusema ameridhika.

Vyuma vilifika Novemba, na mvua ikafika navyo. Ardhi ya bondeni pale ni mbuga, udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka na masika unashika gurudumu kama gundi. Lori la vyuma likazama kabla ya kufika mgongoni. Tulikaa siku sita tukilitazama. Siku ya saba alikuja yule fundi wa plau na jozi mbili za maksai, nyororo begani.

"Hii ndiyo mvua uliyosema haitafukuzwa?" akaniuliza.

"Ndiyo hii, baba."

"Basi tuvute."

Hawakuvuta lori. Walivuta vyuma vyenyewe, kipande kimoja kimoja, juu ya magogo, matope yakiwafika watu kwenye magoti. Kaya nyingine zikaleta maksai zao. Kwa siku mbili kila kipande cha mnara ule kilipanda mgongo kwa nguvu za ng'ombe, nami nilitembea pembeni nikihesabu boliti.

Mnara uliwashwa mwezi Februari, mchana wa jua kali. Muuguzi alitoka nje ya zahanati na simu sikioni, akampigia daktari wa wilaya, na daktari akapokea. "Nilikuwa najaribu tu," akamwambia, kisha akakata na kucheka peke yake. Yule mama mjane alimpigia binti yake aliyeolewa Mwanza, wakazungumza mpaka salio likaisha, akaniomba yangu, wakaendelea. Intaneti haikuwa ya kujivunia, hasa jioni wote wakiwa nyumbani, lakini sauti ilikuwa safi.

Sehemu ya mwisho ya kazi ni kuzunguka na simu ya vipimo, nyumba kwa nyumba, kuona mawimbi yamefika wapi. Nilizunguka kwa siku mbili. Siku ya pili nilipita nyuma ya kilima cha mawe, na vijistari kwenye kioo cha simu vikashuka: vinne, viwili, kimoja, hakuna. Kaya saba. Kilima kilikuwa kimesimama kati yao na mgongo. Mnara ungejengwa juu yake kama ramani ilivyotaka, kaya zile zingepata mtandao kuliko wote.

Kaya ya tatu ilikuwa ya fundi wa plau. Alikuwa anapiga chuma. Nilisubiri amalize.

"Baba, kwako hapashiki."

"Najua. Nimejaribu tangu juzi." Aliweka nyundo chini. "Kwa hiyo wazee wa yule mama wametunyima sisi?"

"Si wao. Ni mimi niliyechagua mahali. Nilipima kuonana na mnara wa jirani, sikupima kivuli cha kilima. Ningepaswa kupima."

Ingekuwa rahisi kusema ni kompyuta, au ni Dar es Salaam. Maksai wake walikuwa wamefungwa pembeni, na mmoja alikuwa bado na kovu la nyororo begani.

"Basi rekebisha," akasema, akaokota nyundo.

Kwenye ripoti niliandika kaya saba kwa nafasi zake na nikaandika kosa lilikuwa langu. Niliomba kifaa kidogo cha kurudishia mawimbi, kinachofungwa kwenye nguzo na kuendeshwa kwa sola, na nilikwenda mwenyewe kutafuta mahali pa nguzo: ukingoni mwa shamba la shule, mahali panapouona mnara na pia kuziona kaya zile. Safari hii nilitembea pande zote za kilima, asubuhi na mchana, kabla ya kuandika neno. Bosi alisema hakuna bajeti. Niliuliza tena mwezi uliofuata, na uliofuata. Nilikuwa nimekwisha kuhamia kazi za Maswa, kata ya Ipililo, nikiuliza watu simu zao zinatetemekea wapi na nyuma ya vilima vyao anaishi nani, nilipopata barua kwamba kifaa kimekubaliwa. Miezi kumi ilikuwa imepita.

Nilikwenda kukifunga pamoja na fundi wangu. Kazi ilituchukua asubuhi moja. Wiki chache baadaye, nikiwa njiani kutoka Lagangabilili, nilipitia kwa fundi wa plau. Simu yake ilikuwa juu ya fuawe, karibu na mkono.

"Umeshapiga?" nikamuuliza.

"Nilipiga. Kwa mwanangu, yuko Geita kwenye machimbo. Hakupokea, alikuwa chini kazini."

"Pole."

"Pole ya nini?" akasema, akigeuza chuma motoni. "Alipopanda juu, alipiga yeye."